Rahab Wamboi hupima wagonjwa mahututi, kisha huwafuata hadi nyumbani

Jumatano, Julai 16, 2025. Kitale kumekucha kwa baridi. Ukungu umelala juu ya mahindi hadi ukutani mwa hospitali, na manyunyu yaliyoanza kabla ya mapambazuko bado yanaendelea.

Rahab Wamboi anavua viatu mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi hapa hukiita ICU, na kuvaa slipa za plastiki. Anainamisha kichwa. Midomo yake inacheza bila sauti. Akimaliza, anaingia na kwenda moja kwa moja hadi kitanda cha kwanza.

Vitanda ni sita, na kila kimoja kina mashine ya kumsaidia mtu kupumua. Hazipigi kelele nyingi. Zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia, na ukisimama hapo kwa muda unajikuta nawe unapumua kwa mwendo wao.

Rahab, mwenye umri wa miaka 52, si daktari wala muuguzi. Ni afisa wa rekodi za matibabu. Kazi yake ni kupima kama chumba hiki kinaokoa watu wanaoweza kuokolewa, na kukilinganisha na chumba kingine kama hiki kilicho Bungoma.

Kwenye kitanda cha tatu amelala mama aliyeletwa jana kutoka upande wa Cherang'any. Rahab anasoma shinikizo la damu la chini kabisa alilofikia tangu aingie. Anasoma mapigo ya moyo, hewa iliyo kwenye damu, kazi ya figo. Kisha anamwuliza muuguzi Gathoni kama mgonjwa hufungua macho akiitwa.

Gathoni anainama hadi sikioni mwa mgonjwa. "Mama, ni asubuhi. Fungua macho kidogo tuone."

Kope zinatetemeka, zinafunguka, zinafumba tena.

"Jana hii hakufanya," Gathoni anasema.

Rahab anaandika, lakini mkono wake unakawia juu ya karatasi. Amefanya kazi hii kwa miaka minane. Anasema bado, kila akiona kope zikifunguka hivyo, huhisi kama ameona pazia la hekalu likisogea.

Leo ni siku nzito kwake. Mchana, kamati inayosimamia hospitali mbili za misheni, hii ya Kitale na ile iliyo karibu na mji wa Bungoma, itakutana katika ukumbi wa kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga. Hospitali zote mbili ziliomba majina yao yasiandikwe. Kamati itaamua kama mashine nne za Kitale zihamishiwe Bungoma, kwa sababu hesabu za mwaka jana zilionyesha kwamba wagonjwa wa Bungoma wanapona zaidi.

Hesabu hizo zilifanywa na Rahab mwenyewe.

"Wakichukua mashine, mgonjwa wa hapa atabebwa kwa ambulensi mpaka Bungoma," Gathoni anasema huku akibadilisha mto. "Mtu hawezi kupumua, halafu unamwambia angoje kwanza tupite Webuye?"

Rahab anasogea kitanda cha nne.

Alizaliwa katika shamba nje ya mji wa Kitale, ambako wazazi wake walihamia kutoka Murang'a. Aliacha shule akiwa darasa la nane. Baadaye, akiwa tayari ni mama, aliajiriwa katika hospitali hii kufanya usafi, na kwa miaka mingi alikijua chumba hiki kutoka chini: magurudumu ya vitanda, mifuko ya mkojo, viatu vya madaktari.

Jamaa za wagonjwa walimwuliza yeye maswali waliyoogopa kuwauliza madaktari. Kubwa lilikuwa moja. Walitaka kujua kama watu wanaoingia hapa hupona.

"Nilikuwa nawaambia Mungu ni mwema," anakumbuka. "Na ni kweli, ni mwema. Lakini hawakuwa wameuliza hiyo."

Ndipo akarudi shule. Madarasa yalikuwa ya jioni, baada ya zamu, na wenzake wengi walikuwa wadogo kuliko Kimotho, kifungua mimba wake. Walimwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, na walimtuma aombe kabla ya kila mtihani kwa sababu, walisema, yeye ndiye aliye na deni dogo mbinguni. Alipata cheti cha sekondari akiwa amevuka miaka arobaini, kisha akasomea rekodi za matibabu.

Karo ilitoka kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo bado yuko, hatoi maziwa tena, na Rahab amekataa katakata kumwuza.

"Huyo ndiye alinisomesha," anasema. "Nitamuuza aende wapi?"

Aliyemfundisha kupima ni Daktari Beth Nyambu, msimamizi wa vyumba vyote viwili. Mwanzoni Rahab alidhani kazi ni kuhesabu waliokufa. Daktari alimketisha akamwuliza: mtu wa Kitale akivuna gunia ishirini kwa ekari, na mtu wa kule Kacheliba kwenye ukame akivuna nane, nani mkulima bora? Rahab alijibu kwamba hawezi kusema kabla hajauliza udongo na mvua.

"Basi usiniambie wamekufa wangapi," daktari alimjibu, "kabla hujaniambia walikuja wakiwa vipi."

Hivyo ndivyo kazi inavyofanyika. Kila mgonjwa hupewa alama kulingana na hali mbaya zaidi aliyofikia katika siku yake ya kwanza, pamoja na umri wake na ugonjwa wake. Alama hizo husema, kati ya watu mia walio kama yeye, ni wangapi kwa kawaida hufariki. Ukijumlisha wagonjwa wote wa mwaka, unajua vifo ambavyo vingetarajiwa. Kisha unalinganisha na vile vilivyotokea. Vikiwa vichache kuliko ilivyotarajiwa, wauguzi na madaktari wamelinyang'anya kaburi watu. Vikizidi, kuna kitu cha kutafuta.

Siku alipoelewa jambo hilo, Rahab alitoka nje akaketi kwenye benchi la wageni.

"Nilidhani ugonjwa hauna mizani," anasema. "Kumbe kuna watu walikaa chini, wakatengeneza mizani ya kumpima mtu akiwa mlangoni pa kifo. Sikujua kama ni hesabu nimefunzwa ama ni maombi."

Lakini mwaka jana mizani ilimsumbua. Hata baada ya kupima ukali wa ugonjwa wa kila mtu, Kitale ilikuwa imepoteza wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na Bungoma ilikuwa imepoteza wachache kuliko ilivyotarajiwa. Mashine zilinunuliwa siku moja. Dawa ni zile zile. Wauguzi walifunzwa pamoja, katika darasa moja.

Pauline Nanyama, muuguzi mkuu wa chumba cha Bungoma na rafiki wa Rahab, hakuiacha nafasi hiyo ipite. Kila wakizungumza kwa simu alimtania. "Mama Kimotho, si mtuletee hao watu wenu huku tuwaponye?"

Rahab alicheka. Kisha alifunga siku tatu, akiomba aonyeshwe alipokosea, au apewe moyo wa kukubali kwamba hakukosea.

Jibu lilikuja Mei, juu ya chai. Alikuwa Bungoma kwa ziara yake ya kila mwezi. Kazi ilikuwa imekwisha, na Pauline alikuwa amechemsha viazi vitamu. Akamsimulia habari za familia moja kutoka Naitiri iliyokuja kumchukua baba yao mwishoni mwa mwaka jana.

Mzee huyo, Wepukhulu, alikuwa na nimonia kali. Wanawe waliona hatapona, wakaomba mashine iondolewe ili wampeleke nyumbani. Kwa familia nyingi za huku, baba hafai kukata roho katikati ya wageni. Anafaa kufia kwake, watoto wakiwa wamemzunguka wasikie neno lake la mwisho. Pauline alisema wana hao walimbeba wakiimba, ukumbi mzima, hadi kwenye gari. Wauguzi waliwapa mtungi wa hewa wa kuwafikisha. Wengine walilia.

Rahab naye alifuta machozi. Halafu akauliza, "Na mlimhesabu vipi?"

Pauline aliweka kikombe chini. "Kwamba ametoka akiwa hai. Si alikuwa anapumua?"

"Na wengine wanaobebwa hivyo?"

"Sasa Mama Kimotho, nitaandikaje mtu amekufa na ananiangalia?"

Hapakuwa na udanganyifu. Ulikuwa ni utu. Hata Kitale waliobebwa hivyo walihesabiwa vivyo hivyo, ila walikuwa watatu tu mwaka mzima, kwa kuwa wagonjwa wengi wa Kitale hutoka mbali na jamaa zao hawana gari la kuwabeba. Bungoma, karibu na nyumbani, walikuwa kumi na tisa.

Pauline alielewa kabla Rahab hajasema. Uso ulimbadilika. Alisema watu watawaita wezi wa hesabu, na kwamba wauguzi wake, wanaoshinda wamesimama kutwa, hawastahili jina hilo. Rahab alimwambia hataandika lolote la kuwahukumu. Kwanza wajue wale watu walifika wapi.

Wakaanza kuwatafuta, wawili hao, kwa simu za jamaa, kwa wachungaji, kwa machifu. Wote watatu wa Kitale walikuwa wamezikwa. Kati ya kumi na tisa wa Bungoma, kumi na saba walikuwa wamezikwa, wengi ndani ya wiki moja. Familia moja ilikuwa imehama, na hakuna aliyejua ilikokwenda. Huyo hadi leo hana jibu, na Rahab anasema humwombea bila kujua amwombee nini.

Akabaki Mzee Wepukhulu wa Naitiri. Simu ya mwanawe haikushika.

"Nilikuwa nimeshamwandika kwa penseli," Rahab anasema. "Nilijua jibu. Kumi na saba wote wamekufa, huyu naye ni nani?"

Pauline ndiye aliyekataa. Alisema kama ni kujua, basi waende wakatoe pole kama watu. Mwishoni mwa Juni wakaenda, wamejifunga leso, na sukari na majani ya chai mkononi, jinsi inavyofaa kwa wanaoingia boma la msiba.

Langoni walimkuta Levi, mwana wa mzee. Pauline alimshika mkono kwa mikono miwili. Akamwambia poleni sana.

"Pole ya nini, Sister?" Levi aliuliza.

Nyuma yake, uani, maharagwe yalikuwa yameanikwa juu ya turubai. Kando yake aliketi mzee mwenye kofia, miguu ameinyoosha, akitenga mabovu na mazima. Aliinua kichwa.

"Levi, ni nani hao wamekuja na sukari? Waambie wapite. Majani tunayo."

Rahab anasema alishika nguzo ya lango. Pauline alitembea hadi kwenye turubai na kupiga magoti katikati ya maharagwe, akamshika mzee mkono, akaanza kutafuta mapigo ya moyo kama vile macho hayakumtosha.

"Sister, mbona unanishika kama polisi?" mzee alimwuliza. "Si wewe mwenyewe ulinipa ruhusa?"

Waliketishwa, wakapewa chai kwa sukari yao wenyewe. Mzee akasimulia. Alipofikishwa nyumbani alilazwa kitandani mwake, nyumba ikajaa. Walingojea neno la mwisho. Siku mbili hakusema. Asubuhi ya tatu alifungua macho, akaona watu wengi kupita kiasi, akaomba uji.

Fahali wa matanga alikuwa ameshafungwa mtini, na jamaa walikuwa wamesafiri kutoka mbali. Haikuwezekana kuwarudisha na njaa.

"Nilikula matanga yangu mwenyewe, mayi," alimwambia Rahab, akimwita mama kwa heshima ya kwao. "Tena walinipa maini."

Daktari Nyambu, alipoelezwa, alisema huenda dawa zilikuwa zimeanza kushika siku ile ile mashine ilipoondolewa. Hutokea, alisema, mara chache. Levi anasema ni Mungu, kanisa zima lilikuwa limepiga magoti. Rahab anaona wote wawili wanasema kweli, na kwamba mizani yake haina alama ya jambo hilo.

Kabla ya kuondoka Naitiri alitoa karatasi akafuta alichokuwa ameandika.

"Hebu fikiria," anasema. "Ningemzika mtu kwa penseli, na yeye anatenga maharagwe."

Saa nane mchana, Mabanga. Manyunyu yamebaki Kitale; hapa kuna jua, na harufu ya nyasi zilizokatwa inaingia madirishani. Ukumbini wapo wauguzi wa pande zote mbili, wachungaji na wajumbe wa kamati, wengi wao wakulima. Karibu na dirisha ameketi Mzee Wepukhulu, kofia mapajani, Levi kando yake. Pauline ndiye aliyewaalika.

Daktari Nyambu anafungua kwa sala. Rahab anaitwa mbele. Kabla hajafungua mdomo, Pauline amesimama.

"Naomba nitangulie," anasema. "Hesabu iliyotusifu haikuwa kamili. Waliobebwa kwenda kufia nyumbani tuliwahesabu kama waliopona. Hatukuiba. Tulikuwa tunawaonea huruma. Lakini kama ni kwa hiyo Kitale inapoteza mashine, mimi siwezi kulala." Anaketi haraka, kama mtu aliyeshusha mzigo kichwani.

Rahab anaeleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Wale waliozikwa wakihesabiwa, vyumba viwili vinakaribiana sana, vyote juu kidogo ya ilivyotarajiwa. Bungoma si malaika na Kitale si shimo. Wote wana kazi.

Mjumbe mmoja, mkulima wa Bungoma mwenye ndevu nyeupe, anainua mkono. "Kwa hivyo tulikuwa na habari njema, mkasafiri mpaka Naitiri kuiharibu?"

Kicheko kinapita ukumbini. Rahab naye anatabasamu.

"Ni habari ya kweli, Mzee. Na tuliporudi, tulirudi na mtu mzima."

Vichwa vinageuka kuelekea dirishani. Mzee Wepukhulu anainua kofia yake kidogo, kama anayesalimiwa sokoni.

Mjumbe yule hajamaliza. Anasema anaelewa, lakini watu wataendelea kubeba baba zao, na yeye mwenyewe siku yake ikifika anataka abebwe. Nani atajua mwaka ujao nani alifika wapi? Kamati itaaminije hesabu ya Kitale, au ya Bungoma, au ya yeyote?

Wajumbe wanatoka nje chini ya kivuli chembamba cha ukuta kushauriana. Wauguzi wa Kitale wanabaki wamekaa, mikono mapajani. Gathoni amefumba macho.

Wanaporudi, Daktari Nyambu anasoma uamuzi. Mashine zitabaki Kitale kwa mwaka mmoja, kwa sharti moja: kila mgonjwa atakayetoka katika vyumba hivyo viwili aulizwe hali yake siku ya thelathini, popote atakapokuwa. Hakuna mtu mwingine atakayeajiriwa kwa kazi hiyo. Hakuna gari lililotengwa. Mtu asipopatikana wa kuifanya, mashine zitahama.

"Nani ataichukua?" daktari anauliza.

Rahab alikuwa na mpango mwingine mwaka huu. Alikuwa amejiandikisha kusomea stashahada, jioni tena, na alikuwa ameshamwambia Kimotho kwamba mama yake atavaa joho kabla ya kustaafu. Anasema bado atalivaa, hata kama litachelewa.

Anatazama viti vya wauguzi wa Kitale, kisha vya Bungoma, kisha dirisha. Mzee Wepukhulu anamtikisia kichwa polepole.

Anasimama. Hainui mkono wala hakohoi. Anasema kwa sauti inayofika nyuma ya ukumbi.

"Mbele yenu wote, na Mungu akinisikia. Kila atakayetoka katika vitanda vile, vya Kitale na vya Bungoma, siku ya thelathini nitamwulizia. Simu isiposhika, nitakwenda. Sitaandika mtu amekufa, wala amepona, kabla sijasikia kwao. Na nitakuja na sukari. Kama ni ya pole ama ni ya chai, mtaniambia nikifika."